Saini za Nyumba Thelathini na Nane

Tarehe 9 Machi

Mpwa wangu,

Nakujulia hali wewe pamoja na hiyo meza yako ya masjala ya mahakama, ambayo mama yako anaisifia kwa watu kana kwamba wewe ndiye hakimu mwenyewe. Sisi huku tupo. Mama yako ametoka hospitali wiki iliyopita na tayari amenigombeza mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu uji niliompikia ulikuwa na madonge, mara ya pili kwa sababu nilicheka. Kwa hiyo anaendelea vizuri.

Najua unashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye umezoea kumkatia simu kwa sababu hamalizi kuongea. Simu yangu imeharibika. Ilitumbukia kwenye kopo la rangi ya bluu, na fundi amenishauri niitundike ukutani kama pambo. Lakini si vibaya. Maisha yangu yote naandika maneno ya watu wengine, "Saluni", "Duka la Dawa", "Usikojoe Hapa". Acha na mimi niandike ya kwangu.

Habari ya kiwanda cha barafu umeisikia, ila hujaisikia kwangu. Tarehe 2 Februari, Jumamosi asubuhi, bomba la amonia lilipasuka. Amonia ndiyo hewa wanayogandishia maji. Nimekaa nyuma ya kiwanda kile miaka ishirini na sita, nikiamini barafu inatengenezwa kwa baridi tu. Wingu jeupe likavuka ukuta likashuka mtaani, na sisi tukadhani ni mvuke, hadi lilipotufika machoni. Nyumba zote thelathini na nane zimeguswa. Wazee wawili tumewazika. Waliobaki ni macho, vifua na makoo. Hata majani ya miti yamekuwa rangi ya chai.

Kitu pekee kilichosalimika ni ule ukuta wa kiwanda. USALAMA KWANZA, herufi za bluu zenye kivuli chekundu, kazi ya mkono wangu mwaka juzi. Haijabanduka hata nukta.

Sasa mtaa umenituma kwako. Wanasema, Redio, si mpwa wako yuko mahakamani, muulize sheria inatusaidiaje. Nijibu kwa lugha ya watu, si ile mnayoongea huko mkiwa mmevaa makoti meusi.

Mjomba wako,
Redio

*

Tarehe 21 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, na karani mwenzangu ameishika bahasha dakika nzima akitazama tu jinsi ulivyoandika anwani. Nikamwambia huyo ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Hakuamini, kwa ule mwandiko wangu anaoujua.

Mwambie mama asifagie. Vumbi na kifua chake sasa hivi havipatani. Najua atafagia, lakini mwambie.

Mjomba, mimi si wakili. Napokea majalada, nagonga mhuri, naita namba. Lakini miaka tisa ya kugonga mhuri imenionyesha mengi, kwa hiyo nitakueleza ninavyoelewa.

Mnaweza kufungua kesi ya pamoja, mtaa mzima jalada moja, mkisema kiwanda kilizembea. Hiyo inataka kadi za hospitali, maneno ya madaktari, na mtu wa kueleza bomba lile lilikaguliwa lini mara ya mwisho. Mnaweza pia kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya mazingira. Watakuja, watapima, na wanaweza kukipiga kiwanda faini, lakini faini inakwenda serikalini, haimnunulii mama hata dawa ya macho. Wafanyakazi wa kiwanda wana fidia yao ya kazini, nyinyi wa nje ya ukuta haiwahusu. Halafu kuna kukaa na kiwanda mezani mkakubaliana. Hiyo wao ndiyo watakayoipenda, kwa sababu makubaliano huja na karatasi, na karatasi husema hamtadai tena kitu chochote.

Kwa hiyo nauliza kabla ya yote: kuna yeyote aliyesaini karatasi ya kiwanda? Yoyote, hata ya kupokea maji. Kama ipo, nitumie nakala.

Pole na simu. Sijui mtaa unaishije bila Redio hewani.

Mpwa wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako amefagia. Alisomewa barua yako yote, akasikiliza vizuri kabisa, halafu akainuka akachukua ufagio.

Tulikutana kwenye banda langu la kazi. Fundi Baiskeli alikuja na kiti chake mwenyewe, kwa sababu anasema vya kwangu vinampaka rangi makalioni, jambo ambalo ni kweli. Maneno yako aliyasoma binti wa jirani, nami nikakaa pembeni kama mwenye mali. Walifurahi sana kusikia jalada moja. Mama Mkaa, huyu muuza mkaa wa kona ambaye macho yake bado yanavuja machozi bila kulia, alisema yeye hataki hela za mtu, anataka tu mwenye kiwanda aje asimame mbele yake amwambie kosa lilikuwa la nani. Nikaona huyo anaomba kitu kigumu kuliko sisi wote.

Kadi za hospitali zimefika sitini na mbili. Nimeziweka kwenye debe la rangi nililolisugua hadi likang'aa, na juu yake nimeandika KADI kwa herufi nene. Mama yako amesema sikuhitaji kutia kivuli.

Kuhusu karatasi, zilipita nyingi siku zile. Walileta blanketi, maziwa, dawa ya macho. Mambo yalikuwa mengi. Nitaangalia angalia.

Bango la duka la dawa nimelimaliza. Mwenye duka anasema herufi D imenenepa. Nimemjibu ni afya.

Mjomba wako,
Redio

*

Tarehe 2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimepata wakili. Ni dada mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria, mdogo kuliko mimi, ana miwani mikubwa na hatozi kitu. Anashughulikia kesi nyingi kuliko viti vya ofisi yake, lakini amekubali. Atakuja huko mwezi ujao.

Umejibu maswali yangu yote, na mengine sikuyauliza. Habari ya unene wa D nimeipata. Lililobaki ni moja tu, lile la karatasi. Wakili naye ameuliza hilohilo kabla hajavua mkoba begani.

Mama Mkaa alinipigia simu juzi. Tuliongea muda mrefu, mengine kuhusu wewe. Sitayaandika hapa kwa sababu naona hutaki niyajue.

Nitumie hiyo nakala, Mjomba.

Mpwa wako

*

Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu zimewashia jiko, na mama yako ameuliza kwa nini moto wa siku hizi unanuka wino.

Nakala iko ndani ya bahasha hii. Usiisome kabla ya kunisoma mimi.

Jumatano, siku nne baada ya lile wingu, walikuja na gari la blanketi. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tano mfukoni. Tukambatiza Bwana Kalamu. Akaomba meza, nikampa ya kwangu. Akaniuliza, "Wewe ndiye fundi uliyetuchorea ukuta? Una mkono wewe." Nilivimba, mpwa wangu. Macho yangu yalikuwa mekundu kama nyanya, kifua kinapiga filimbi, na bado nilivimba.

Foleni ilikuwa ndefu. Nusu ya watu walikuwa wamefungwa bandeji machoni, wanashikana mabega kama watoto wanaocheza treni. Wengine walikuwa hospitali, mama yako mmoja wao, amewekewa mipira ya hewa puani. Kila nyumba ilitakiwa isaini ndipo ipewe blanketi zake. Bwana Kalamu akasema itachukua siku nzima, labda kama yupo mwenye mwandiko mzuri wa kusaidia. Nikainua mkono.

Nilisaini nyumba zote thelathini na nane. Hakuna aliyenituma na hakuna niliyemuuliza. Niliona ninawapunguzia kusimama juani. Na kwa sababu mimi ni mimi, sikuweka saini za ovyo. Kila mtu nilimbunia ya kwake. Ya Fundi Baiskeli ina miduara miwili kama magurudumu. Ya Mama Mkaa inapanda juu kama moshi. Ya mama yako niliirefushia mkia, nikasema moyoni, akipona nitamwonyesha, atafurahi.

Ukurasa wa mbele ulisema tumepokea blanketi na maziwa. Nyuma kulikuwa na maneno madogo. Mimi kazi yangu ni herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara, haya madogo sikuyageukia. Niliyasoma mwezi wa tatu, ulipouliza. Geuza sasa na wewe uyasome.

Nimekaa nayo miezi mitatu. Mtaani hakuna anayejua. Kila asubuhi wananisalimia, wengine wananiletea kadi nyingine za hospitali, nami naziweka kwenye debe.

Mjomba wako

*

Tarehe 30 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimechelewa wiki saba. Ningeweza kusema kazi zilikuwa nyingi, na zilikuwa nyingi kweli, lakini sababu si hiyo.

Nilimpelekea wakili ile nakala siku ileile. Alisoma nyuma mara mbili. "Kwa kupokea vitu hivi, mimi na kaya yangu tumeridhika na hatutakidai kiwanda jambo lolote sasa wala baadaye." Akavua miwani. Akasema kwa karatasi hii kesi imekufa kabla ya kufunguliwa, isipokuwa kwa njia moja, na njia yenyewe hakutaka kuitaja siku hiyo. Alinitajia baadaye. Ndiyo iliyonikalisha kimya.

Saini isiyo yako haikufungi, Mjomba, kama hukumtuma aliyeiweka. Tukithibitisha kwamba hukutumwa na mtu, karatasi zote zinakuwa takataka na mtaa unabaki na haki yake ya kudai. Lakini wa kuthibitisha ni wewe. Itabidi uape kwa maandishi kwamba uliweka saini za watu bila idhini yao. Kisheria hiyo inaitwa kughushi. Kiwanda kinaweza kukupeleka polisi palepale. Wakili anasema hakimu mwenye huruma anaweza kukuelewa. Nimewaona mahakimu wengi, sijui wa kwako atakuwa yupi.

Sikuambii ufanye. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi, sasa naiacha.

Lingine. Mama Mkaa aliniambia kwamba asubuhi ile wewe ulikuwa juu ya ngazi, kwenye bango la saluni, mbali na wingu, na ungeweza kukimbilia upande wa pili. Badala yake ulirudi ukapita mlango kwa mlango, unapiga kelele watu watoke, hadi nyumba ya mwisho. Kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho mtaa kukusikia ukiongea. Kwamba daktari amesema sauti haitarudi.

Simu yako haina tatizo, Mjomba. Najua tangu mwezi wa nne. Niliona ukitaka kusema utasema.

Mpwa wako

*

Tarehe 12 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba.

Simu kweli iliingia kwenye rangi. Ila ilipona.

Watoto wa mtaa wanasema Redio imeisha betri. Mwanzoni iliniuma, sasa nacheka nao, kicheko changu chenyewe kikiwa kama pampu ya baiskeli. Faida ipo. Mama yako sasa anamaliza sentensi zake, jambo ambalo hajawahi kulipata tangu nizaliwe.

Mwambie wakili nitaapa. Nimeshawaeleza watu wote, kwa kuandika kwenye ubao wangu wa kufanyia majaribio ya rangi. Niliandika, nikaugeuza, nikasubiri mawe. Fundi Baiskeli alisogea akaitazama saini yake kwenye nakala, ile ya magurudumu. Akasema ni nzuri, angeipenda hata kwenye kitambulisho. Halafu wakaondoka mmoja mmoja. Sikujua maana yake nini. Nililala nikidhani wamenichukia, na nikaona ni haki yao.

Mimi nina miaka hamsini na nne na sina mke wa kunililia. Gerezani nasikia kuta ni chafu na hazina maandishi mazuri. Kazi itakuwepo.

Mjomba wako,
Redio

*

Tarehe 3 Novemba

Mpwa wangu,

Natumaini mwili una nguvu na kazini hawakuonei. Tulikutafuta kwa macho mahakamani siku zote mbili. Mama yako alikuwekea nafasi kwenye benchi kwa mkoba wake, na alimkatalia mzee wa watu aliyetaka kukaa. Tulisema labda umenyimwa ruhusa.

Wakili atakuwa amekueleza matokeo. Mimi nakueleza yalivyokuwa.

Kiwanda kilileta pingamizi, kama mlivyosema, kwamba tulishasaini. Wakili wetu akatoa hati yangu ya kiapo. Ilisomwa kwa sauti: mimi fundi wa mabango, niliweka saini zote, sikutumwa na yeyote, sikumuuliza yeyote. Hakimu, mama mtu mzima mwenye mafua, akanitazama juu ya leso yake. Nikaona tumeshinda. Nilikuwa nimebeba mswaki na sabuni mfukoni.

Wakili wa kiwanda alikuwa kijana nadhifu, hana haraka. Akasema kama ni hivyo, mbele yetu tuna mhalifu aliyeghushi saini thelathini na saba, na askari yuko mlangoni, basi waitwe wenye saini waseme wenyewe. Wa kwanza akaitwa Fundi Baiskeli. Kijana akamwonyesha karatasi, akamwonyesha askari, halafu akaninyooshea kidole mimi. Akamuuliza kwa upole kabisa kama alimtuma yule bwana amwekee saini au bwana yule aliighushi.

Fundi Baiskeli akanitazama. Akasema, "Nilimtuma."

Nilisimama. Nilifungua mdomo niseme anadanganya, mheshimiwa, hakunituma. Ikatoka hewa. Kama tairi lake mwenyewe linapoteza upepo. Askari akanishika bega akaniambia kaa chini mzee.

Akaitwa Mama Mkaa. Wakili wetu akamkumbusha taratibu kwamba akisema alinituma, kesi yake imekwisha, na mwenye kiwanda hatakuja kusimama mbele yake kamwe. Akasema ameelewa. Akafuta macho, akasema alinituma. Wakaitwa wengine, siku hiyo na ya pili, na kila mmoja alishika kitabu akaapa, akasema alinituma. Wakili wetu alivua miwani akaiweka mezani na hakuivaa tena.

Mama yako aliitwa mwisho. Kijana alijua alikuwa hospitali siku ile, na hapo nikapata tumaini, kwa sababu yeye hata angetaka asingeweza. Hakimu mwenyewe ndiye aliyemuuliza, alimtumaje mtu wakati hawezi kuongea, ana mipira puani.

Mama yako akasema, "Mheshimiwa, huyu ni mdogo wangu. Namtuma tangu ana miaka mitatu."

Watu walicheka. Hakimu naye alicheka hadi akapiga chafya. Halafu akaandika, akatusomea. Wenye saini wamekiri wenyewe kwamba niliwawakilisha, karatasi ni halali, kesi imefutwa. Ilichukua dakika sita.

Nje nilichukua ubao wangu nikawaandikia KWA NINI, kwa herufi kubwa. Fundi Baiskeli akasema asubuhi ile alikuwa ndani amelala, na kilichomwamsha ni kelele zangu. Akasema hayo mengine nijaze mwenyewe. Mama Mkaa akauliza kama nimekula.

Wakili anasema hata rufaa ni ngumu, maana ni maneno yao wenyewe ya kiapo.

Sabuni nimeirudisha bafuni. Mama yako alikuwa anaitafuta.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo? Nimesikia sauti yake kwenye simu Jumapili, anapumzika katikati ya maneno mafupi. Ananiambia ni baridi. Najua huko hakuna baridi.

Sikunyimwa ruhusa. Sikuiomba.

Wakili aliniambia mapema kwamba majirani wanaweza kukulinda, na hapo yote yatamwangukia mama, kwa kuwa yeye alikuwa hospitali na asingeweza kumtuma mtu. Akisema hakukutuma, jiwe moja limetoka ukutani na mengine yangeweza kufuata. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Na nikagundua kwamba nataka aseme. Nilitaka mama yangu asimame aseme hakukutuma, nipate kumtibu kifua, na wewe wakuchukue. Wewe uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Nilitaka hivyo kwa moyo wote, Mjomba. Sikuweza kukaa kwenye benchi lile nikitaka hivyo mbele yako.

Sasa umejua. Usinijibu kuhusu hili.

Kuna kitu kimoja kimebaki, na sitakipamba. Mtoto hafungwi na saini ya mzazi wake, wala ya jirani. Haki ya watoto waliokuwa mtaani siku ile iko palepale. Wanaweza kufunguliwa kesi sasa kwa mkono wa mtu mzima, lakini wakili anasema hakuna mahakama itakayowasikiliza vizuri baada ya wazazi wao kuapa walivyoapa. Anashauri wasubiri wafikishe miaka kumi na minane, kila mmoja adai kwa jina lake. Muda wao unaanza kuhesabiwa hapo.

Mpaka wakati huo kiwanda kinaweza kuwa kimeuzwa, au kimebadilisha jina, au hakipo. Daktari aliyeandika kadi anaweza kuwa amekufa. Nimeona majalada ya namna hii. Mengi yanaishia kwenye kabati tunalolifungua tukitafuta panya. Lakini kama kuna mtu wa kuweka kumbukumbu za kila mtoto, mwaka kwa mwaka, kwa mwandiko unaosomeka, basi ipo nafasi ndogo kuliko inavyofaa kuitwa nafasi.

Niliona nikwambie.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba tena. Sikujibu lile ulilosema nisijibu. Ila ujue mswaki nilioubeba mfukoni ulikuwa mpya. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na nisingekulaumu.

Mama yako amelala tena hospitali tangu Jumanne. Amewaambia wauguzi kwamba mtoto wake ni hakimu. Omba ruhusa safari hii.

Kiwanda kimebadilisha jina, kama ulivyosema, ila hakikungoja miaka kumi na minane. Walinitafuta nikachore jina jipya ukutani. Nikawaandikia kwamba mkono unaniuma. Wakamleta kijana kutoka mbali, na amechora vibaya, herufi zinashuka mlima. Amefuta USALAMA KWANZA kwa tabaka moja tu la chokaa, kwa hiyo jua likiwaka bado inaonekana kwa chini. Nimeandika tarehe waliyobadilisha, jina la zamani na jina jipya.

Nimenunua madaftari matatu makubwa, moja litakuja kwako. Watoto waliokuwa mtaani siku ile ni hamsini na mmoja. Kila mmoja ana kurasa zake nne: tarehe ya kuzaliwa, alikuwa wapi wingu lilipofika, kadi yake ya hospitali, anavyokohoa, anavyoona ubao shuleni. Nitakuwa naandika kila mwaka. Mdogo kuliko wote ni mjukuu wa Mama Mkaa, siku ile alikuwa na wiki tatu. Akifikisha kumi na minane mimi nitakuwa na sabini na mbili, kama kifua hiki hakitaniaga njiani, na kwa jinsi kinavyopiga filimbi naona tayari kinaaga. Binti wa jirani nimeanza kumfundisha mwandiko. Anakosea R kama ulivyokuwa unakosea wewe.

Jumamosi niliwaita wote kwenye banda. Niliitoa meza ileile nje. Kila mtoto alitakiwa aandike jina lake mwenyewe mwanzo wa ukurasa wake, kwa mkono wake. Wazazi walisimama nyuma, hakuna aliyeruhusiwa kumshika mtoto mkono, na mimi mwenyewe nilikaa juu ya viganja vyangu kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Ilichukua mchana kutwa. Kuna aliyeandika kutoka kulia kwenda kushoto. Kuna aliyesahau herufi ya katikati akairudishia juu kama kofia. Kuna mmoja wa miaka minne aliyechora kuku, akaapa kwamba hilo ndilo jina lake. Mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuuona katika miaka thelathini ya kazi hii, na sikurekebisha hata mkia wa herufi.

Mama Mkaa alikuja na mjukuu wake mgongoni. Akauliza, huyu tufanyeje, nimkamate kidole gumba nikichovye wino? Mtoto alikuwa ameshaipata kalamu, anaitafuna.

Nilimwandikia ubaoni: hapana.

Mstari wake nimeuacha wazi.

Mjomba wako,
Redio